Nafasi Moja Kabla ya P

Mama alikuwa nyuma ya gari, amefungua buti, anatoa mifuko. Mimi nilikuwa nimeshashuka, nimesimama kati ya kiti na mlango wa dereva uliokuwa wazi, simu iko sikioni. Injini ilikuwa imezimwa. Mahali penyewe palionekana tambarare, na gari lilikuwa limetulia kwa muda wa kutosha mama kutoa mfuko wa kwanza na kuuweka chini. Kisha likaanza kurudi nyuma. Halikukurupuka. Lilikwenda taratibu, bila sauti, na mimi nilijua linatembea pale tu mlango uliponisukuma paja.

Nikapiga kelele, "Mama, toka! Kaa pembeni!" Aliacha kila kitu akaruka upande. Nikajitupa ndani nusu mwili, mguu mmoja bado uko nje, nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Gari likasimama. Mfuko ule wa kwanza ulikuwa umeshaingia chini ya tairi la nyuma.

Hatukusema kitu kwa dakika nzima. Halafu mama akauliza kwa sauti ya chini, "Si ulikuwa umelizima, mwanangu?"

Nilikuwa nimelizima. Niliinama nikatazama gia: ilikuwa R, ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimesukuma rungu la gia kwenda mbele kwa haraka, kama nilivyofanya maelfu ya mara, likaishia nafasi moja kabla ya P, ya kuegesha. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia, injini ikazima, gari likalia mlio wa onyo, taa za dashibodi zikabaki zinawaka. Mlio niliusikia. Nilidhani ni wa mlango. Mwenye simu sikioni hasikii vizuri gari lake linamwambia nini.

Nilikuwa nimeendesha otomatiki kwa miaka mingi kabla ya siku ile, na sikuwahi kufikiri kwamba kuliegesha kuna la kujifunza. Unasimama, unaweka P, unazima, unashuka. Baada ya siku ile nikaanza kuuliza, na aliyenijibu vizuri kuliko wote ni fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa na giaboksi imefunguliwa juu ya meza yake. Alinipa kiganjani kipande cha chuma kizito, kimepinda kidogo, kichwani kina jino moja butu. "Hiyo ndiyo P yako," akasema.

Akanionyesha gurudumu la chuma lenye meno kuzunguka ukingo wake, limefungwa kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi. Ukiweka P, kile kipande kinashuka na jino lake linaingia kati ya meno ya gurudumu. Basi. Hakuna breki zinazobana, hakuna mafuta yanayosukuma. Ni jino moja limekwama kwenye pengo. Aliligeuza gurudumu kwa mkono huku jino likiwa nje kidogo, nikasikia *tak-tak-tak*. "Ukiweka P gari halijasimama kabisa, hicho ndicho unachokisikia. Jino linarukaruka juu ya meno, haliingii. Siku likiingia kwa nguvu, linavunjika." Pembe moja ya kipande nilichoshika ilikuwa imelika, inang'aa kama sarafu ya zamani.

Kisha akanieleza la R, ambalo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Gari la manyuali ukilizima likiwa kwenye gia, injini inakuwa imeunganishwa na matairi, na mgandamizo wake unalizuia gari kwa kiasi fulani. Ndiyo maana madereva wa zamani wakipaki huacha gia namba moja. Otomatiki ya kawaida haiko hivyo. Klachi zake za ndani zinabanwa na presha ya oili ya giaboksi, na presha hiyo inatoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, presha inaondoka, klachi zinaachia. Kwa hiyo gari lililozimwa likiwa D, ya kwenda mbele, au R, kwa upande wa matairi, ni sawa na lililoachwa N, yaani huru. Gia imeandikwa lakini haimshiki mtu.

Nilipolisikia hilo nilimfikiria baba moja kwa moja. Baba ameendesha manyuali maisha yake yote, na nilikuwa nimemwachia gari langu mara mbili tatu bila kumfundisha kitu zaidi ya "hili halina klachi". Nikamwomba tukae ndani ya gari jingine la nyumbani, la ufunguo wa kuzungusha. Alisimama, akaacha D, akazima kwa ufunguo, akataka kuuchomoa. Haukutoka. Akauvuta, akautikisa, akanitazama.

"Umeharibika?"

"Hapana, baba. Gari linakudai kitu."

Akatafakari, akatazama gia, akaisogeza P. Ufunguo ukatoka wenyewe. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa la kitufe litanidaije, nalo halina ufunguo wa kuuzuia?"

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kinga ya ufunguo ilikuwa kwenye kidole, usingeweza kuipuuza. Kwenye magari ya kitufe kinga hiyo imegeuka kuwa mlio na maandishi, na ufunguo unao mfukoni tangu asubuhi. Mengi ukibonyeza kitufe ukiwa nje ya P, injini inakata lakini umeme haukatiki wote. Gari linabaki nusu macho. Usipolistukia, ama litatembea kama langu, ama utalikuta asubuhi betri imekufa. Kuna yanayojiweka P yenyewe ukizima au ukifungua mlango, na ni jambo jema sana, lakini si yote, na mtu anayebadilisha magari hawezi kujua lipi ni lipi kwa kulitazama tu.

Yapo pia yale ambayo rungu la gia halibaki pale ulipoliweka. Unalisukuma, linachagua gia, kisha linarudi katikati. Mkono haukumbuki tena kitu, kwa sababu P na R na D zote zinaishia mahali pamoja. Mwezi Aprili 2016 kampuni moja ya magari iliita takribani magari milioni 1.1 yarudi kurekebishwa kwa sababu ya rungu la namna hiyo. Madereva walikuwa wanashuka wakiamini wameweka P. Miezi miwili baadaye, Juni 2016, mwigizaji Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alikufa nyumbani kwake Los Angeles baada ya Jeep Grand Cherokee yake, mojawapo ya magari yaliyoitwa, kurudi nyuma kwenye mteremko na kumbana. Nilipoisoma habari hiyo niliona mlango ukinisukuma paja. Sijawahi tena kuamini mkono wangu katika jambo hili. Naangalia herufi kwenye dashibodi, kwa macho, kila mara, kabla sijagusa kitufe.

Nieleze sasa ninavyofanya, kwa sababu fundi alinisimamia nikafanya mara kumi mpaka akaridhika.

Nasimama kabisa kwa breki ya mguu. Mguu hauondoki. Naweka N. Navuta handbreki. Halafu, na hiki ndicho kipande ambacho sikuwahi kukijua, naachia breki ya mguu polepole na kusikiliza. Gari linajisogeza kidogo, upana wa vidole viwili hivi, kisha linakaa. Unalisikia linakaa, mwili wa gari unazama kwenye handbreki kama mtu anayeegemea ukuta. Hapo nakanyaga tena, naweka P, natazama herufi, nazima.

Sababu ya mzunguko wote huu ni lile jino. Ukisimama kwenye mlima, ukaweka P kwanza na kuachia mguu, uzito wote wa gari unaliangukia. Handbreki utakayovuta baadaye inakuta kazi imeshagawiwa. Kesho yake ukitaka kuondoka, gia inakuwa ngumu kutoka P, inatoka kwa kishindo: *ko!* Wengi tumewahi kukisikia kishindo hicho tukadhani ni tabia ya gari. Ni jino linachomolewa kutoka chini ya tani moja na zaidi ya chuma. Kwenye tambarare ya kweli unaweza kuiruka hatua ya N bila madhara, mradi handbreki itangulie kabla ya kuachia mguu. Ila tambarare ya kweli ni chache kuliko macho yanavyodai. Mahali lilipotembea gari langu, niliporudi siku ya pili na kumwaga maji chini, yalielekea ukutani bila kusita.

Nimekutana na watu wanaosema handbreki ni ya manyuali, otomatiki ina P. Nawaelewa, nilikuwa mmoja wao. Lakini P inashika matairi yanayoendeshwa na injini tu, na inayashika kwa pamoja kupitia difu, zile gia zinazoyagawia matairi mawili nguvu na kuyaruhusu yazunguke tofauti, si kila moja peke yake. Hili lilinijia wazi nilipokwenda kumsaidia shemeji kubadilisha tairi. Gari lake linavuta kwa mbele. Alikuwa ameweka P, hajavuta handbreki, anapandisha jeki upande wa mbele. Nikamwomba asubiri kidogo. Tairi la mbele likiinuliwa, difu inaliruhusu lizunguke kinyume, na lile la upande wa pili lililo chini linakuwa huru kuviringika. P bado iko mahali pake, jino bado limeingia, na gari linaweza kutembea hata hivyo na kuanguka kutoka kwenye jeki. Tulivuta handbreki, tukaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, ndipo tukaendelea. Shemeji aliitazama gia iliyokuwa P, akalitazama lile tairi lililo hewani. Akanyamaza, akalitazama tena.

Isipokuwa sehemu za baridi kali, ambako handbreki huweza kuganda na vitabu vingi vya magari hushauri uweke P na vizuizi vya matairi badala yake, sioni sababu ya kuiacha.

Mlimani kuna nyongeza ya usukani. Gari likitazama bondeni, geuza matairi ya mbele yaelekee ukingo wa barabara. Likiponyoka litagonga ukingo na kusimama badala ya kushuka katikati ya watu. Likitazama juu na kuna ukingo ulioinuka, yageuze kinyume, kuelekea barabarani, ili likirudi nyuma tairi liuegemee ukingo kwa mgongo. Pasipo na ukingo, hata likitazama juu, yaelekeze nje ya barabara. Ni sekunde mbili.

Breki za mkono za umeme zimenichanganya kidogo mwanzoni. Hakuna cha kuvuta. Kuna kitufe, na taa nyekundu yenye P ndani ya duara. Karibu yake mara nyingi kuna kitufe kingine kinacholishikilia gari kwenye foleni ili mguu upumzike, na hicho taa yake kwa kawaida ni ya kijani. Hizi si kitu kimoja. Ile ya kijani inashikilia kwa presha ya mafuta ya breki, kwa muda, ukiwa umekaa ndani. Nyekundu ndiyo inayobana breki kwa mota na kubaki imebana hata umeme ukikatika. Magari mengi yanabadilisha yenyewe kutoka kijani kwenda nyekundu ukifungua mkanda au mlango, lakini mimi sisubiri kujua kama hili nalo linafanya hivyo. Nabonyeza, nangoja nyekundu iwake.

Jambo la pili lililonifundisha kwa hofu halikuhusu kutembea. Lilihusu ukimya.

Rafiki yangu aliniazima haibridi yake, gari la injini na mota ya umeme pamoja, kwa siku chache. Niliingia nalo usiku kwenye gereji iliyo chini ya vyumba vya kulala, nikaweka handbreki, nikaweka P, yote sawasawa. Kulikuwa kimya kabisa, basi nikachukua vitu vyangu nikashuka. Gari lililia mara tatu nilipofunga mlango. Nikafunga na lango la gereji. Baada ya kama nusu saa nikakumbuka miwani, nikarudi, na nilipofungua mlango wa ndani nikasikia injini inanguruma gizani.

Sikuwa nimelizima. Haibridi ikiwa imewashwa hutumia betri yake kubwa kimya kimya, na chaji ikishuka huamsha injini yenyewe ili kujaza. Kwenye dashibodi kuna neno linalomaanisha gari liko tayari kwenda, na lilikuwa linawaka muda wote. Milio mitatu ilikuwa inaniambia ufunguo umetoka nje na gari liko hai. Nilifungua lango lote, nikazima, nikapanda kuwaamsha waliolala na kufungua madirisha. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini bila kumwamsha. Katika nyumba ile walikuwa wamelala watoto wawili.

Nilijua baadaye kwamba si mimi wa kwanza, na kwamba wengine hawakukumbuka miwani. Marekani vifo vya namna hiyo vilifikia mahali Bunge, katika sheria kubwa ya miundombinu ya mwaka 2021, likaagiza ziwekwe kanuni za magari yasiyo ya ufunguo kujizima yenyewe yakiachwa yanawaka. Yapo mapya yanayojizima tayari. Hata hivyo nilinunua kile chombo kidogo cha kugundua gesi hiyo, nikakiweka kwenye korido karibu na mlango wa gereji, nikampelekea na rafiki yangu kimoja.

Ukimya huohuo upo kwenye magari yanayozima injini kwenye taa za barabarani ili kuokoa mafuta. Dada yangu aliwahi kusimama mbele ya nyumba, mguu kwenye breki, injini ikajikata, akaamini amefika na amezima. Gari lilikuwa D. Alipoachia mguu injini ikawaka na gari likaanza kwenda mbele, naye ameshika kitasa cha mlango. Alikanyaga upesi, hakuna lililotokea. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: masikio hayatoshi tena. Zamani uliweza kujua gari limezimwa ukiwa umefumba macho. Sasa kuzimika kunasomwa kwenye dashibodi: giza lote, au salamu ya kwaheri kwenye kioo. Kama bado kuna neno, herufi au taa ya kijani, kazi haijaisha.

Mengine ni madogo. Kama umetoka kwenye mwendo mkali au mlima mrefu na gari lina taba (turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), liache lingurume nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kuzima ili oili iipoze. Mwendo wa polepole wa mitaa ya mwisho kabla ya kufika nyumbani unatosha kwa hilo. Feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima, usishtuke, liache limalize. Na ule mtindo wa kukanyaga mafuta kwa nguvu kabla ya kuzima, ambao baba aliurithi enzi za kabureta, kwa injini za leo haufanyi lolote jema. Aliuacha kwa shingo upande.

Kuhusu kujitupa ndani ya gari linalotembea: nilikosea. Mlango ungeweza kunikokota na kunibana ukutani, na mama angebaki na mambo mawili ya kuhofia. Cha kuokoa kilikuwa ile kelele. Gari lisilo na mtu likianza kwenda, waondoe watu njiani kwa sauti yako na uliache lifike linakokwenda. Ukuta unajengwa tena.

Mama hajawahi kunilaumu. Ila kwa muda mrefu hakufungua buti mpaka asikie *krrr* ya handbreki ikivutwa. Alisimama pembeni ya mlango wake, ameshika pochi, anasikiliza. Gari tulilonalo sasa lina breki ya umeme, haina *krrr*. Siku ya kwanza alisubiri, akasubiri, akaniuliza kama nimesahau. Nikazima redio, nikamwambia asogee kidogo kuelekea tairi la nyuma, nikabonyeza kitufe. Kule chini mota ikalia kwa sauti nyembamba, kama mashine ya cherehani inayoshona mshono mfupi, ikanyamaza. "Ndiyo hiyo?" akauliza. Ndiyo hiyo, mama. Akaniomba niifungue na kuifunga tena, aisikie vizuri, ndipo akaenda nyuma kuchukua mifuko yake.